Maji Yanajaa Saa Sita na Nusu

Nianze na bosi nimmalize, kisha tuendelee na watu wa maana.

Alikuja Kibiti kutoka Dar na gari lenye kiyoyozi, na kwa miezi yote aliyokaa kwetu sikumwona akishusha kioo. Miwani ya jua juu ya kichwa, kalamu mbili mfukoni, mdomo umejaa maneno aliyoyaokota kwenye warsha. Hakuwa anajua kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini mkutano ukianza utadhani kompyuta ilibuniwa sebuleni kwao. Ukimwuliza swali la kazi anakutazama kwa huruma, kama vile umemwomba nauli. Huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa mradi wetu.

Ilikuwa miaka mingi baada ya enzi za ruksa. Mashirika ya umma yalishauzwa, kampuni za simu zilishafika mpaka vijijini zikawa zinapaka rangi kuta za maduka ya watu bure, na simu za kugusa za Mchina zilikuwa zinamwagika Kariakoo na kupanda mabasi ya kusini. Na kila penye simu mpya, mfadhili hakosi wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Delta ya Rufiji ni visiwa, mikoko na vijito. Huko safari haiendi kwa saa ya mtu, inakwenda kwa maji. Yakijaa, boti inapita. Yakipwa, mnabaki na tope na kaa. Wafadhili wakaona watutengenezee programu ya simu ya kutuambia maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi. Watu wa delta wanalijua jambo hilo tangu wako mgongoni mwa mama zao, lakini mfadhili akishaiona shida, umwambie si shida, hasikii.

Aliyeajiriwa kuitengeneza ni mimi. Nilizaliwa huko huko delta, nikachukuliwa na shangazi Temeke nikiwa na miaka saba ili nisome, nikarudi na digrii ya kompyuta na pua juu. Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kwenye mchanga wa Kibiti. Hiyo peke yake inatosha kukueleza nilikuwa mtu wa namna gani.

Mama yangu alikuwa bado delta, nyumba ile ile, hatua chache kutoka kijitoni. Alikuwa msukaji wa mikeka, na si mikeka ya kuanikia mpunga. Alisuka mikeka ya rangi, ya harusi, ambayo watu wa Kibiti na Ikwiriri walikuwa wanaiagiza mapema kabla hata ya kumwambia kadhi. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Ukili mwekundu na wa zambarau kwake ulikuwa mmoja. Mara moja nilimkuta anasuka, rangi zimeparaganyika, kijani kimeingia palipotakiwa wekundu, na jirani zake wamekaa wanamsifia kwa ile sauti wanayowasifia nayo watoto. Nilitoka nje nikalia. Kisha nikarudi ndani nikamgombeza, kwa nini anajichosha.

Ndipo ikaja habari kwamba madaktari wa macho watapita Kibiti. Siku tatu tu, wanapasua bila malipo, halafu wanaendelea na safari yao kusini. Nilipanga chumba nyumba moja na mwuguzi, mama mmoja wa makamo, naye akamwandikisha mama yangu siku ya tatu.

"Afike kabla ya saa tisa alasiri," aliniambia. "Na asikose. Lile jicho la kulia nililiona alipokuja kliniki. Limeiva mno. Likiachwa, linakufa."

Basi hilo ndilo lililokuwa jambo langu. Mradi ulikuwa mradi, mshahara ulikuwa mshahara. Mimi nilitaka mama yangu aone.

Tatizo langu la kazini ni kwamba hesabu za maji sikuzijua. Leo nakiri, siku zile ningekufa kwanza. Maji yanavutwa na mwezi, yanavutwa na jua, na ndani ya delta mto nao una usemi wake. Nilihangaika wiki mbili nikapata majibu ya kipuuzi. Bosi ndiye aliyesikia kwamba kuna mzee mmoja kijiji cha Mahege mwenye programu ya zamani ya mambo hayo. Nadhani ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya.

Nilimkuta mzee amevaa msuli na fulana iliyotoboka, anapalilia mikorosho yake. Zamani alikuwa mtumishi wa shirika moja la umma la mambo ya majini. Lilipouzwa, wakampa barua na mkono wa kwa heri, akarudi kwao na kompyuta moja kuukuu na sanduku la diski. Lakini hakukaa bure. Alichomeka mti wenye alama pale bandarini Nyamisati, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa anaandika maji yamefika wapi na saa ngapi, mvua na jua. Halafu akaandika programu kwa lugha ya C, ya kuwatabiria manahodha maji ya mwaka mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa simu?"

Kompyuta yenyewe ilikuwa imefunikwa kanga, kioo chake kimevimba nyuma, inakula umeme wa betri ya gari. Akaiwasha, tukangoja. Akaanza kunieleza, taratibu, kidole juu ya kioo, kila jedwali limetoka wapi. Mimi nilikuwa natazama simu yangu. Nilikuwa naitikia "eeh, eeh" kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini isiyokuwa yake. Nilichotaka ni faili, nitie kwenye flashi, niwahi pikipiki.

Akanipa. Hakuomba kitu. Alinisindikiza mpaka njiani.

"Ukimaliza, mwanangu, njoo nayo tukae tulinganishe."

"Nitakuja, mzee."

Nilimwambia hivyo huku nikijua siji.

Safari nzima ya kurudi nilikuwa nacheka. Jamani! Programu yenyewe ilikuwa ya Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Majina ya ndani: bamvua kwa maji makubwa, maji mafu kwa maji madogo, mwezi mchanga. Maelezo yake hapo juu marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nilimpigia rafiki yangu wa Dar tuliyesoma naye, nikamsomea, tukaangua kicheko. Nani anaandika programu kwa maneno ya manahodha? Maelezo yale niliyapita kwa kidole kimoja mpaka nilipozikuta hesabu.

Sasa nieleze kidogo ufundi, asiyeupenda avumilie.

Programu za simu zile zilikuwa zinaandikwa kwa Java. Java ina adabu za ofisini. Kila mlango una mlinzi, na ukikosea inapiga kelele na kukuonyesha mstari ulipokosea. C haina mlinzi. Unaigeuza yote kuwa lugha ya mashine yenyewe, na ikikosea haisemi kitu; programu inazimika, simu inarudi mwanzo, wewe unabaki unakodoa macho. Kuziandika upya hesabu za mzee kwa Java nisingeweza, kwa sababu sikuzielewa. Njia ilibaki moja. Niziache zilivyo, nizigeuze kuwa lugha ya mashine, nizifungie ndani ya programu yangu, kisha Java iwe inaziita kutoka upande wa pili. Iulize, kesho maji yanajaa lini? Nazo zirudishe namba.

Kuita huko ndiko kulikonitoa jasho. Upande wa C hauitiki kwa jina fupi. Lazima utaje jina pamoja na ukoo wake mzima, programu gani, kifurushi gani, darasa gani, na ukikosea herufi moja tu unaambiwa hayupo. Siku tatu nilikuwa naita, naambiwa hayupo, na yupo pale pale, namwona. Alipoanza kuitika, ikawa anaitika kwenye simu yangu tu. Kwenye simu za Mchina za mradi programu ilikuwa inakufa ikifunguliwa. Kumbe ubongo wa simu zile ulikuwa wa aina nyingine, na lugha ya mashine ya huyu haisomwi na yule. Nikageuza upya. Nilitukana sana siku hizo. Bosi akipita nyuma yangu anauliza, "Tumefikia asilimia ngapi?" Asilimia! Kama vile nilikuwa nachemsha maharage.

Hatimaye siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, Java ikaita na upande wa pili ukajibu. Ukarudisha namba. Nikarukaruka ofisini peke yangu.

Namba ile ilikuwa dakika. Dakika ngapi tangu siku ianze mpaka maji yajae. Na siku inaanza lini? Saa sita usiku, kila aliyesoma kompyuta analijua hilo, sikuona haja ya kumwuliza mtu. Nikaigeuza ile namba kuwa saa za Kiswahili, maana watumiaji ni Waswahili, nikaipamba kwa herufi kubwa za bluu. Nikajaribu tena na tena, siku hii, siku ile, mwezi huu, mwezi ujao. Haikuzimika. Kwangu mimi huko ndiko kulikuwa kupona: haikuzimika. Majaribio yenyewe niliyafanya mezani, Kibiti, kando ya lami, na maji pekee yaliyokuwa karibu nami yalikuwa ya ndoo.

Bosi aliposikia kwamba ndani ya programu kuna lugha ya mashine yenyewe, alilikumbatia neno hilo kama mtoto aliyeokota filimbi. Akaliandika kila ukurasa wa ripoti. Akawapigia wafadhili. Akapanga uzinduzi, na kwa bahati ukaangukia siku ile ile ya tatu ya madaktari wa macho. Nilipomwambia kwamba siku hiyo mama yangu anakuja kupasuliwa, macho yakamng'aa.

"Basi boti ya mradi ikamchukue!" akasema. "Kwa kufuata simu. Mama wa mtaalamu anakuja kwa programu ya mtaalamu. Nitalisema kwenye hotuba."

Nisidanganye, nilifurahi. Siku zote boti ya nahodha wa kijiji ilikuwa inamleta mama juu ya magunia ya mpunga na vikapu vya samaki wakavu, mguu mmoja huku, mwingine kule. Nilitaka safari hii aje amekaa kwenye kiti. Nilitaka watu waone kwamba yule mtoto aliyepelekwa Temeke hakwenda bure.

Mchana wa siku iliyotangulia nilimpigia.

"Mama, kesho usipande boti ya nahodha. Boti ya mradi itakufuata, mtatoka saa nne."

"Saa nne?"

"Saa nne asubuhi. Maji yanajaa saa sita na nusu mchana, mtakuja nayo taratibu. Saa nane uko Kibiti."

"Kesho maji yanajaa asubuhi, mwanangu. Bamvua lishapita."

"Mama, haya mambo yamepigwa hesabu."

"Nahodha anatoka saa kumi na mbili."

"Nahodha ana kompyuta? Unaniamini mie au unamwamini nahodha?"

"Haya, mama," akasema. Ndivyo anavyoniita akiwa hataki kugombana.

Dereva wa boti ya mradi hakuwa mtu wa huku. Kabla ya hapo alikuwa anazungusha wageni kwenye mahoteli, na alikuja na jaketi la rangi ya chungwa ambalo hakulivua hata wakati wa kula. Aliingia kijijini kwa mama alfajiri ile, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Hapo ndipo ninapomshangaa mpaka leo. Aliyaona maji yamejaa kwa macho yake mawili mazima, akatazama simu inayosema yamepwa, akaiamini simu. Watu wakamwambia. Akawajibu kwamba ana maelekezo kutoka ofisini. Akazima mashine, akaomba chai.

Sisi Kibiti tulikuwa tunazindua. Turubai, viti vya plastiki, projekta, jenereta nyuma inanguruma. Bosi alivaa tai. Ukutani kukawa na maandishi yangu ya bluu, makubwa kuliko mtu: MAJI YANAJAA SAA SITA NA NUSU MCHANA. Wageni wakapiga makofi. Bosi akamtaja mama yangu, "ambaye wakati huu ninapozungumza yuko safarini," wakapiga tena. Niliitwa mbele, nikasimama, nikatabasamu kama bibi harusi. Wakati ule, mama yangu alikuwa ameshakwama.

Saa sita nilichukua gari la mradi kwenda Nyamisati kumpokea. Njia mbovu ile, tukafika saa saba kasoro. Nilishuka huku nimeshika viatu mkononi, tayari kukanyaga maji.

Hapakuwa na maji. Palikuwa na tope, tope jeusi linalometameta juani, kutoka chini ya gati mpaka mbali kwenye mikoko, na boti zimelala ubavu. Katikati kabisa palibaki mfereji ambao bata angeuvuka kwa miguu. Palikuwa na mtu mmoja kivulini anafunga kaa kwa kamba, mmoja mmoja, anawapanga kwenye tenga.

"Kaka, maji yamekwenda wapi?"

Akaniangalia kuanzia miguuni. "Yamekwenda yanakokwenda siku zote, dada. Jioni yatarudi."

Nikampa simu asome. Nilitaka nini, sijui. Labda nigombane na tope kwa ushahidi. Akaisoma akitikisa kichwa, akanirudishia kwa ncha za vidole, kwa sababu ya uchafu wa mikono yake au kwa sababu ya simu yenyewe.

"Hii imepindua," akasema. "Saa sita hii ndiyo yamepwa pwaa. Yamejaa asubuhi."

Nikampigia mama, hapatikani. Nikampigia dereva, hapatikani. Kule kwenye vijito hakuna mtandao, kuna mikoko tu. Nikamwuliza yule mtu kama kuna njia ya kutembea, kama kuna mtumbwi, kama kuna chochote. Akasema kuna kungoja. Akaendelea na kaa wake.

Nilikaa pale kwenye gati. Saa nane ikapita. Saa tisa kasoro mwuguzi akapiga.

"Mama yuko wapi? Wameshamwita jina mara mbili."

"Anakuja, dada. Waombe wangoje."

"Nimeshawaomba. Wanafunga vyombo, gari lao linawasubiri."

"Waombe tena."

"We binti," akasema, na sauti yake ikawa ngumu, "nilikwambia asikose."

Maji yalianza kurudi kimyakimya kupita kwenye mashimo ya kaa, na saa kumi na moja boti ikaja. Dereva kasimama nyuma na jaketi lake. Mama kakaa kwenye kiti, kile kile nilichokuwa nakiota, kitenge alichokitunza tangu Idi kimeganda tope mpaka magotini. Walikwama saa tano, dereva akashuka kusukuma, na yeye akashuka. Mtu asiyeona, anasukuma boti kwenye tope. Alipanda gati ameshika bega langu.

"Wameondoka?"

"Wameondoka, mama."

"Haya. Pole kwa kungoja."

Nilimgeukia dereva nikamporomoshea matusi yote niliyojifunza Temeke. Yeye akanyoosha simu. "Dada, programu ndiyo ilisema." Na kweli ndiyo ilisema.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Mahege. Sikumsalimia vizuri mzee wa watu. Niliingia na laptopu imefunguka, nikamwambia hesabu zake zimekosea na mama yangu amekosa daktari. Alivuta kiti, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akapandisha faili lake mpaka juu kabisa, juu ya zile hesabu, kwenye hotuba ya mgeni rasmi.

"Soma hapa," akasema.

Mstari wa kwanza ulisema dakika zote zinahesabiwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, siku inapoanza. Wa pili ulisema anayetaka saa za kizungu aongeze saa sita mwenyewe.

Ndivyo alivyoihesabu siku, kama mtu yeyote wa huku anavyoihesabu, kuanzia kunapokucha. Saa zake zilishakuwa za Kiswahili, mimi nikazifanya za Kiswahili mara ya pili. Na maji nayo, kutoka kujaa mpaka kupwa, huchukua saa sita na ushei. Ningekosea saa moja, nahodha angenisahihisha kwa kicheko. Nilikosea sita. Kila palipojaa mimi nikaandika pamepwa, na palipopwa nikaandika pamejaa, kwa herufi za bluu.

"Nilikwambia uje tulinganishe," akasema mzee.

"Nilikuwa na haraka."

"Mama yako alikuwamo kwenye boti?"

"Alikuwamo."

Akavua miwani, akaizima kompyuta, akaifunika kanga. Hakunitukana. Ningemshukuru kama angenitukana.

Kurekebisha kulikuwa kufuta mstari mmoja. Nilipomweleza bosi kilichotokea, alifikiri kidogo akasema tuliandike kwenye ripoti chini ya changamoto. Changamoto! Mama yangu kasukuma boti kwenye tope akiwa haoni, akaingia kwenye jedwali la changamoto, kati ya ukosefu wa umeme na ubovu wa barabara. Niliacha kazi mwezi ule ule, na nasikia yeye alipandishwa cheo.

Jicho la kulia lilianza kuuma siku ya tisa. Lilimuuma mpaka akawa anajifunga kichwa kwa kanga na kutapika. Nilimkimbiza Dar, tukapanga foleni, daktari akalimulika, akasema presha imeshaliua. Akauliza kwa nini hatukuja mapema. Mama akasema usafiri ulisumbua. Usafiri! Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na yeye akasema usafiri. La kushoto wakalipasua, likapona.

Miaka imepita. Anasuka tena, taratibu, na rangi zinakaa mahali pake. Mwaka juzi nilikwenda kumwona, nikapanda boti ya nahodha, juu ya magunia. Nahodha amezeeka, anasema sana. Tulipokuwa tunaingia kijijini akaanza mwenyewe habari za siku ile.

"Mie nilimngoja mama yako," akasema. "Watu wamejaa, maji yamejaa, nikamwita mara mbili. Kakaa pale na kifurushi chake. Nikamwambia, bi mkubwa, maji yanageuka haya. Akaniambia, najua, nayasikia. Tangulieni."

Nilishuka, nikapita watu bila kuwasalimia, nikamkuta mama barazani anachambua ukili, mwekundu huku, wa zambarau kule.

"Mama, siku ile ya boti ulijua maji yanatoka?"

"Siku ipi?"

"Unaijua."

Akaendelea kuchambua. "Nilijua."

"Sasa kwa nini hukupanda kwa nahodha? Mama! Kwa nini?"

"Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale kinatazama," akasema. "Ningepanda, wangesema hata mama yake hamwamini."

Kisha akageuza kichwa, kama anavyofanya siku hizi, ili jicho la kushoto linipate.